Mtoto Abaki Nyumbani

Mpakani Tunduma, karatasi humtangulia mtu. Tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe mwaka 2019, msafiri anakaguliwa na nchi mbili, Tanzania na Zambia, mahali pamoja. Ofisa hutazama picha, hutazama uso, kisha macho yanashuka kwenye herufi ya jinsi. Kwa wengi wetu hayo huisha upesi. Kwa mtu transijenda, yaani yule ambaye nafsi yake haikubaliani na jinsi aliyoandikiwa alipozaliwa, hapo ndipo maswali huanza, na foleni nyuma yake inasikia yote.

Mkenya Audrey Mbugua alilibeba tatizo hilo mpaka mahakamani. Alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001 na kufaulu vizuri, lakini cheti chake kilikuwa na jina la kiume ilhali yeye anaishi kama mwanamke. Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliliagiza Baraza la Mitihani la Kenya limpe cheti chenye jina lake, kisicho na alama ya jinsi. Hoja ya jaji ilieleweka hata kwa asiyesoma sheria: mtihani hausahihishwi kwa jinsi ya mtahiniwa, basi kuiondoa alama hiyo hakukipunguzii cheti thamani.

Hukumu ile naiheshimu sana. Ila mtoto transijenda hukutana na wazazi wake miaka mingi kabla hajakutana na jaji. Nyumbani ndiko anakojifunza kama aseme au anyamaze.

Na akisema, wa kwanza kulaumiwa ni mama. Majirani watamkumbusha kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kana kwamba alimfunza hivyo yeye jikoni. Adabu hufunzwa, kazi hufunzwa, hata kusali hufunzwa. Hili hakuna aliyemfunza. Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali hii kwenye orodha ya magonjwa ya akili katika mwongozo uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022. Mama huyo hana kosa, na mwanawe hana kosa.

Najua hofu ya wazazi wetu wa mkoa huu wa Songwe, nami siibezi. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kina adhabu ya miaka thelathini hadi maisha, na ingawa kinahusu tendo la kujamiiana kinyume cha maumbile, mtaani watu hawatenganishi tendo na mtu, wala shoga na transijenda. Mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo aliwataka wananchi wataje majina ya mashoga. Serikali ikasema huo ni msimamo wake binafsi, lakini hofu ilikwisha kuingia majumbani. Pamoja na hayo, hakuna kifungu kinachomkataza mzazi kumpa mwanawe ugali, kitanda na ada ya shule.

Mtoto anayefukuzwa nyumbani katika wilaya za Mbozi au Momba, barabara itamleta huku huku Tunduma, penye malori, gesti na watu wasiomjua. Kijana asiye na pa kurudi hapa hukubali lolote.

Baba, mama, mwanao akikwambia jambo hili usiku, usimtolee hukumu usiku huo. Huhitaji kulielewa lote. Mwite mezani ale na wenzake, na asubuhi aende shule akitokea kwenu.