Ajali ya Samaki

Samaki wa kwenye tangi la kioo akikutwa asubuhi amekufa, bila jeraha wala doa, huzuka maswali mawili. La kwanza ni kilichomuua. La pili ni zito zaidi: ikiwa sababu haijulikani, je, aliyemfuga ana dhima yoyote? Kiswahili huyajibu yote mawili kwa neno moja, ajali. Kwa asili yake ya Kiarabu, neno hilo ni muda ambao Mungu amemkadiria kila kiumbe. Kwa matumizi ya leo, ni tukio ambalo askari wa barabarani huja kulipima na kuliandikia maelezo. Maana hizi mbili hazigombani. Tatizo ni kwamba ya kwanza hutumiwa kuizima ya pili.

Katika mila za Wanyamwezi kifo kisichoelezeka hakikupita hivi hivi. Mfumu, yaani mganga wa ramli, alipasua kuku na kusoma maungo yake ili kumjua mzimu au mtu aliyehusika. Jibu lake laweza kukataliwa, lakini swali lake lilikuwa la haki: waliobaki hai wanahitaji kukingwa na kile kilichomchukua mwenzao.

Uislamu, ambao uliingia Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi, kwa njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, una kisa kinachokaribiana sana na jambo hili. Abu Umair, mdogo wake Anas bin Malik, alikuwa na kindege chake cha kuchezea, kikafa. Mtume hakumkemea mtoto kwa kufuga. Alimuuliza habari za kindege hicho na kumliwaza. Katika karne ya 10, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii, Ibn al-Qass, alikiandikia kisa hicho kifupi kitabu kizima akidondoa mafunzo yapatayo 60. Kwa hadithi hiyo wanavyuoni hujuzisha kumfungia ndege, kwa sharti la kumtunza. Sharti hilo linapata nguvu katika hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Kosa lake si kwamba paka alikufa. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie.

Hapo ndipo penye kiini cha suala. Samaki wa ziwani akikuta maji mabaya huhama. Wa kwenye tangi hana pa kwenda. Kata ya Chemchem mjini Tabora ina jina la maji yanayotoka ardhini na kujibadilisha yenyewe. Maji ya tangi hayajibadilishi, na aliyeyafunga amejitwika kazi ya chemchemi. Kwa hiyo kutojua si udhuru kamili. Kadari inaeleza kwamba samaki alikufa kwa wakati wake, lakini haimwondolei mfugaji deni la wale wanaoendelea kuogelea.

Deni hilo hulipwa kwanza kwa kupima maji. Samaki hutoa amonia kwa kinyesi na kwa matamvua yake, na amonia haina rangi: maji maangavu kabisa yanaweza kuwa sumu. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi ndani ya chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Kuwakuza bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria hao hukosa hewa na kuanza kufa. Sifongo ya chujio ikioshwa kwa maji ya bomba yenye klorini, huuawa.

Samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, ambao ni jamii moja na perege na sato, wana hatari ya ziada. Ziwa hilo, lenye kina cha mita 1,470 hivi, lina pH inayokaribia 9, nao huhitaji maji ya namna hiyo. Kwa joto la nyuzi 25, maji yenye pH 7 huifanya chini ya asilimia 1 ya amonia iwe katika umbo lenye sumu kali. Yakifika pH 9, ni zaidi ya theluthi. Kiasi kile kile ambacho samaki mwingine angekivumilia huwaua hawa usiku mmoja. Mara nyingi basi kifo kinachoitwa hakina sababu ni kifo ambacho maji yake hayakupimwa.

Si mara zote. Uzee upo, uvimbe wa ndani upo, na mzoga huoza haraka katika maji ya uvuguvugu hata usichunguzike. Hapo sababu huachiwa Mungu, na kazi huendelea: mzoga huondolewa mara moja, robo ya maji hubadilishwa kwa maji yaliyotolewa klorini na yenye joto lile lile, chakula hupunguzwa kwa siku kadhaa. Dawa isitiwe kwa kubahatisha, maana baadhi ya dawa huua bakteria wa chujio, na tiba ikageuka chanzo cha kifo cha pili.

Mpaka wiki nne zipite bila kifo kingine, tangi hilo lisiongezwe samaki mpya.