Bei ya mto usio na mwenyewe

Anayepanga safari nafuu ya mtumbwi katika delta ya Okavango, kaskazini mwa Botswana, hushangazwa kwanza na kalenda: huko maji hujaa wakati wa kiangazi. Mvua hunyesha kwenye nyanda za juu za Angola, kati ya Novemba na Aprili. Mito ya Cubango na Cuito huyakusanya maji hayo na kuyapeleka kusini, kwenye ardhi ambayo mteremko wake hauonekani kwa macho. Yanakwenda taratibu mno, hata yakishaingia Botswana huchukua takriban miezi minne kufika mji wa Maun. Ndiyo maana Julai na Agosti, nyika yote ya jirani ikiwa imekauka, vijito vya delta vimefurika na wanyama wamesogea huko. Watalii nao husogea.

Bei hufuata. Katika msimu huo kambi za kifahari hutoza kuliko wakati mwingine wowote, na zipo zinazodai maelfu ya dola kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja. Mambo hayakujiendea tu. Sera ya utalii ya Botswana ya mwaka 1990 ilikusudia wageni wachache wanaolipa sana, badala ya umati unaolipa kidogo. Bhutan nayo imeshika njia hiyo, kwa kumtoza mgeni ada ya kila siku. Hoja si dhaifu: vijito vyembamba vilivyojaa injini na takataka si delta tena, na nchi inayoishi na tembo wengi inahitaji fedha za kuwatunza.

Lakini fedha hizo zinalipia nini hasa? Okavango haikujengwa na mtu. Visiwa vyake vingi vilianza kama vichuguu vya mchwa vilivyochomoza juu ya maji, ndege wakaja na mbegu, miti ikaota. Viboko ndio wanaozibua njia katikati ya mafunjo kwa kupita hapo hapo kila siku. Ikiwa umiliki unatokana na jasho, basi wenye delta ni mchwa na viboko, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukata tiketi.

Swali la bei ya kisichotengenezwa na mtu ni la zamani kuliko utalii. Katika hadithi mashuhuri iliyomo kwenye mkusanyo wa Abu Dawud, Mtume Muhammad anafundisha kwamba Waislamu wanashirikiana katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Mafakihi wengi wakafafanua kuwa maji yakiwa mtoni hayauzwi, ila aliyeyachota akayatia chomboni mwake anaweza kuyauza, kwa kuwa hapo pana kazi yake. Mkazi wa Mombasa anayenunua dumu la maji kwa mwenye mkokoteni anaishi ndani ya hukumu hiyo hata kama hajawahi kufungua kitabu cha fiqhi. Anamlipa mtu aliyesukuma mzigo juani. John Locke, katika kitabu chake kuhusu serikali kilichotoka 1689, alifika karibu na hapo hapo kwa kutumia mfano wa chemchemi na mtungi, na akaongeza sharti ambalo wengi hulisahau: anayejitwalia awaachie wengine cha kutosha, tena kizuri vilevile.

Ukiitazama Okavango kwa jicho hilo, bili ya msafiri inagawanyika mara mbili. Sehemu moja inalipia kazi na uangalizi. Nyingine inalipia kizuizi, yaani anatoa fedha ili wengine wasiwepo.

Kazi yenyewe inaonekana wazi kwenye mtumbwi, ambao huko huitwa mokoro. Wayeyi, ambao kwa vizazi vingi wamevua na kusafiri kwenye maji haya, walizoea kuuchonga kutoka kwenye gogo la mti mkubwa kama mwegea; siku hizi mingi ni ya faibaglasi, ili miti ipumzike. Abiria wawili hukaa chini kabisa, ukingo wa mtumbwi ukiwa karibu kulingana na maji. Mpiga pondo husimama nyuma yao, akizamisha mti wake mrefu hadi chini na kujisukuma bila kelele. Matete humpiga abiria usoni, buibui wadogo humwangukia mapajani, na vyura wasiozidi ukucha wa kidole gumba hung'ang'ania kwenye mabua. Mwenye kusimama anaona asichokiona aliyeketi: maji yanayotikisika pasipo upepo, dalili kwamba kiboko yuko chini. Ujuzi huo ni maji yaliyokwisha kuchotwa. Kuupunguzia bei kwa ubishi wa sokoni ni kumpunja mchotaji.

Kinachoweza kupunguzwa ni vingine. Ndege ndogo ya kuruka kutoka Maun hadi kambini, shuka zilizopigwa pasi, divai baridi: hivyo ndivyo vinavyopandisha bili, na hakuna hata kimoja kilicho delta. Anayetaka unafuu huanzia Maun kwa gari au boti hadi ilipo mitumbwi ya vijiji, ambako jamii zimejiundia mashirika kama Okavango Kopano Mokoro Community Trust, hubeba hema, chakula na maji yake, akalala kisiwani na kurudi na taka zake. Achague Mei au Juni, mvua ikiwa imekwisha, maji yakiwa njiani na bei hazijafika kileleni. Na asisahau koti zito, maana alfajiri ya kipupwe majini ni baridi kweli. Kwa mtu wa Afrika Mashariki ipo hata njia ya basi: Tunduma, Lusaka, kisha daraja la Kazungula lililofunguliwa 2021 kuchukua nafasi ya pantoni. Ni siku kadhaa za kuchosha, na bado hakuna dhamana. Mwaka 2019 mafuriko yalikuwa haba kiasi kwamba mto Thamalakane, unaopita Maun, ulikauka.

Kuhusu kizuizi, bei si lango pekee linalowezekana. Wanaotaka kuteremka mto Colorado kwa mashua zao wenyewe ndani ya Grand Canyon, Marekani, walikuwa wakisubiri kwenye orodha kwa zaidi ya miaka kumi. Tangu 2006 wanapiga bahati nasibu. Njia hiyo nayo ina kasoro zake, lakini tajiri na mwalimu wa shule ya msingi wanaingia kwenye kura ileile. Serikali nyingi za Afrika, Botswana ikiwemo, zimechukua njia ya kati kwa kuwatoza raia ada ndogo ya hifadhi kuliko mgeni. Hiyo ni haki, ingawa ada ndogo haimfikishi popote raia asiye na nauli.

Wala kuwa mwenyeji hakumalizi mjadala. Hifadhi ya Moremi, iliyo ndani ya delta, ilitengwa 1963 na wenyeji wa kabila la Batawana wenyewe kwenye ardhi yao, jambo linalosifiwa mpaka leo. Sifa hizo huwapita kando Basarwa (Wasan) wa Khwai, waliohamishwa kutoka ndani ya mipaka yake.

Tena kuna walio mbali zaidi. Takriban asilimia 95 ya maji ya Okavango hutoka Angola. Kwa miaka mingi vyanzo vyake vilibaki bila mashamba makubwa wala mabwawa kwa sababu chungu: vita vilivyodumu kuanzia 1975 hadi 2002, na mabomu yaliyofukiwa ardhini. Usafi unaouzwa Maun kwa dola ulilipiwa kwa sehemu na wakulima waliokimbia vijiji vyao. Angola, Namibia na Botswana zina tume ya pamoja ya mto huu tangu 1994, lakini ada anayolipa mgeni kwenye lango la Moremi huingia Botswana. Mkulima wa pembezoni mwa Cuito anayeambiwa asifyeke msitu ili Maun ipate maji ana dai ambalo fiqhi ya maji na sharti la Locke yote mawili yanalitambua, na msafiri wa bei nafuu anadaiwa naye sawa na yule aliyekuja kwa ndege.