Bei Nafuu na Haki ya Muuzaji

Sisi wanafunzi tunaijua raha ya kupata kitu kizuri kwa bei ndogo. Hapa Kigali, mtaa wa Biryogo, kuna duka la viungo na tende ninalolipenda. Siku moja nilifuata iliki ya biriani, nikakuta kijichupa cha zafarani kimebandikwa bei ya manjano ya kupikia. Kijana aliyeachiwa duka alikuwa mgeni wa kazi.

Zafarani ni ghali kwa sababu kila ua hutoa nyuzi tatu tu, nazo huchumwa kwa mkono. Je, ningelipa nikaondoka, ningekuwa nimedhulumu? Sikusema uongo, wala si mimi niliyebandika bei. Nafsi ikaniambia: hiyo ni riziki yako.

Lakini nafuu ni mbili. Moja ni tunda la juhudi: kuzunguka maduka, au kununua tende zilizopondeka ambazo utamu wake haukupungua. Nyingine hutokana na kutojua kwa mwenzako, na hasara huibeba yeye. Imepokewa kuwa Jarir bin Abdullah (r.a.) alipouziwa farasi kwa bei ya chini, aliipandisha mwenyewe, kwani alikuwa amemuahidi Mtume (s.a.w.) kumtakia kheri kila Muislamu.

Nilimwonyesha kijana kosa lile. Bei ya kweli ikanishinda, biriani tukaipika kwa manjano. Harufu ya zafarani haikuwepo, lakini hatukula haki ya mtu.

Wallahu aalam.