Maziwa mabichi: Suala ni amana, si kiwanda

Baada ya darsa moja ya alasiri, mzee mmoja aliniuliza swali ambalo baadhi ya vijana walilicheka. Alisema Mtume (s.a.w.) na Maswahaba walikunywa maziwa kama yalivyotoka kwa mnyama, na Mwenyezi Mungu (s.w.t.) katika Suratun Nahl, aya ya 66, ameyataja kuwa ni kinywaji safi kinachotoka baina ya kinyesi na damu. Iweje leo bwana afya atuambie hayafai mpaka yapashwe moto? Je, huko si kuitilia shaka neema ya Mola?

Ndugu msomaji, swali hili si la kuchekwa. Hata Marekani na Uingereza watu wanabishana juu yake. Wapo wanaodai kuwa moto unayaondolea maziwa manufaa yake, na kwamba sheria zimewekwa kuwanufaisha wenye viwanda. Marekani, tangu mwaka 1987, maziwa mabichi ya kunywa hayaruhusiwi kuuzwa kutoka jimbo moja hadi jingine, lakini kila jimbo lina sheria yake ya ndani. Scotland ilipiga marufuku kuyauza tangu mwaka 1983. England mfugaji anaweza kumuuzia mnywaji moja kwa moja, kwa sharti kwamba aweke onyo kwenye chupa.

Kwanza tujue kinachofanyika kiwandani. Kwa njia iliyopewa jina la Mfaransa Louis Pasteur, maziwa hupashwa hadi nyuzi joto 63 kwa nusu saa, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha yanapozwa haraka. Vitamini chache hupungua, lakini vijidudu vya maradhi hufa. Joto hilo ni dogo kuliko la maziwa yanayochemka jikoni kwako.

Kwa nini yapashwe? Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alitangaza kugundua kijidudu cha homa iliyowasumbua askari katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1905 daktari mzalendo wa kisiwa hicho, Themistocles Zammit, akabaini kuwa chanzo ni mbuzi wa maziwa. Mbuzi wenyewe walionekana wazima kabisa! Homa hiyo iko hata kwetu Afrika Mashariki. Dalili zake hufanana na za malaria, na wapo wagonjwa wanaomeza dawa za malaria bila kupona. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita katika maziwa. Na baada ya kirusi cha MERS kugunduliwa Saudi Arabia mwaka 2012, Shirika la Afya Duniani limeshauri hata maziwa ya ngamia yasinywewe mabichi.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Aya inasifu uumbaji wa Allah. Lakini baina ya kiwele na kikombe chako ipo mikono ya mkamuaji, ipo ndoo, lipo dumu la plastiki lililofungwa kwenye baiskeli juani. Humo neema huharibiwa na sisi wenyewe. Imepokewa kuwa Abu Humaid As-Saidi alimletea Mtume (s.a.w.) maziwa katika chombo kisichofunikwa. Mtume hakusema kuwa baraka yatosha. Alimuuliza kwa nini hakukifunika, walau kwa kulaza kijiti juu yake. Basi anayechemsha maziwa hajaitilia shaka neema, bali ameihifadhi.

Hata hivyo, tusimwonee mchuuzi. Familia nyingi za mjini hazimudu maziwa ya pakiti kila siku, na mchuuzi huyo ndiye anayewapimia kwa kikombe. Tanzania ilitunga sheria ya maziwa mwaka 2004 na kuunda Bodi ya Maziwa. Kumwaga maziwa ya mnyonge barabarani hakumfundishi usafi. Kunamfundisha kupita uchochoroni. Kenya nayo, kuanzia miaka hiyo, ilijaribu njia ya kuwapa mafunzo na leseni wachuuzi wadogo. Hiyo ni njia ya insafu zaidi, kwa sababu sufuria inayochemka vizuri nyumbani inaua vijidudu vilevile.

Lakini liko jambo ambalo sufuria haiwezi. Moto haugeuzi maji yaliyochanganywa kuwa maziwa. Wala hauondoi dawa za ng'ombe aliyetibiwa jana na kukamuliwa leo, kabla ya siku zilizoagizwa na mganga wa mifugo kwisha. Hapo bwana afya hayupo, na mnunuzi haoni. Nani atamzuia muuzaji?

Wanahistoria wetu wanasimulia kuwa Sayyidna Umar (r.a.), akizunguka usiku Madina, alimsikia mama akimwamuru bintiye achanganye maziwa na maji, kwani Umar hawaoni. Binti akakataa, akisema kuwa kama Umar hawaoni, Mola wa Umar anawaona. Inasimuliwa kuwa Umar alimwozesha binti huyo kwa mwanawe Asim, na katika kizazi chake akatoka Umar bin Abdul Aziz.

Mtu mzima anayejua hatari akaamua kunywa maziwa mabichi, atajibu mwenyewe mbele ya Mola wake, kwani mwili nao ni amana. Lakini muuzaji hana haki ya kumchagulia mwenziwe hatari hiyo kwa kunyamaza, wala mzazi hana haki ya kumchagulia mtoto anayenyonyoka ziwa. Uislamu umekataza kujidhuru na kumdhuru mwingine.

Kwa hiyo, ewe mchuuzi, sema kweli juu ya dumu lako. Ewe mama, chemsha kabla ya kumpa mwanao. Nanyi mlio madarakani, fundisheni kabla ya kuadhibu.

Wallahu a'lam.