Kupanda Bila Kuvuta: Je, Mpandaji Hana Dhambi?

Ndugu msomaji, kijana mmoja aliyeingia katika Uislamu miaka mitatu iliyopita, na ambaye sasa anafanya kazi nchini Ujerumani, ameniletea barua yenye swali ambalo sikupata kuulizwa kabla yake. Katika chumba chake kidogo ameweka ndoo tatu zenye mifuniko, pampu ndogo ya hewa, taa yenye nguvu na mbolea ya kuyeyusha katika maji, na juu ya kila ndoo amesimamisha mche mmoja wa bangi. Yeye mwenyewe havuti. Aliacha siku aliposilimu, nami namsadiki. Lakini kazi yenyewe anaipenda: kupima maji, kuangalia mizizi ikirefuka, kuona jani jipya kila asubuhi kabla hajaenda kazini. Sheria ya nchi anayokaa inamruhusu. Basi anauliza: "Sheikh, mimi nisiyevuta wala kuuza, na nisiyevunja sheria ya nchi, nina dhambi gani?"

Swali hili lisidharauliwe. Wako miongoni mwetu ambao wangejibu kwa neno moja, haramu, kisha wakaifunga barua. Neno hilo huenda likawa sawa, lakini mtu aliyetoka mbali akiitafuta haki anastahili kuonyeshwa njia iliyolifikisha neno hilo hapo lilipo.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe, maana haifai kulihukumu jambo usilolijua. Mtu aliyezoea jembe akiambiwa kwamba mmea waweza kukua pasipo udongo atacheka. Lakini mizizi haili udongo. Inachofyonza ni maji pamoja na chumvi zilizoyeyuka ndani yake: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu na nyinginezo kidogo kidogo. Jambo hili lilidhihirishwa na wataalamu wa Kijerumani, Julius von Sachs na Wilhelm Knop, katika miaka ya 1860, walipoilea mimea ndani ya vyombo vya maji matupu yaliyotiwa chumvi hizo. Mwaka 1929 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California akatangaza kuwa njia hiyo yafaa hata kwa kilimo cha chakula, naye akakuza minyanya mirefu iliyowastaajabisha watu. Mwaka 1937 ndipo lilipotokea jina haidroponiki, lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya maji na kazi.

Katika namna aliyoichagua ndugu yetu, mizizi huning'inia ndani ya maji yenye kina usiku na mchana. Msomaji atauliza: mbona haiozi? Mahindi yetu yakisimama katika mafuriko kwa siku chache tu hugeuka manjano yakafa. Jibu ni kwamba kinachoyaua mahindi hayo ni kukosa hewa, kwani mizizi nayo hupumua. Kwa hiyo pampu husukuma hewa kwa mpira mwembamba mpaka kwenye jiwe lenye vitundu lililolala chini ya ndoo, na mapovu yanayopanda huyapa maji oksijeni. Umeme ukikatika kwa muda mrefu wakati wa joto, mizizi husongwa pumzi kama mtu. Nakiri kwamba niliposoma maelezo haya nilivutiwa. Mwenye kumjua Mwenyezi Mungu hawezi kufikiri juu ya mizizi myeupe ikipumua ndani ya maji asimtukuze Aliyeiumba.

Wala mmea wenyewe haukulaaniwa. Nilipokuwa mwanafunzi wa dini ng'ambo, nchini Pakistani, niliuona ukiota wenyewe kando ya barabara za Islamabad, mwingi kama magugu mengine, bila ya mtu kuupalilia. Hata neno letu bangi limetujia kutoka pande hizo za Bara Hindi. Kwa karne nyingi nyuzi zake zimesokotwa kamba na kufumwa matanga ya vyombo vya baharini, na mbegu zake hukamuliwa mafuta. Mwaka 2018 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa ya kifafa kikali cha watoto iliyotokana na kiini kimoja cha mmea huu kiitwacho kanabidioli, ambacho hakilevyi. Kinacholevya ni kiini kingine, tetrahaidrokanabinoli, ambacho Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni walikitenga na kukifafanua mwaka 1964. Kurani Tukufu nayo, inapotaja mvinyo na kamari katika Sura Al-Baqara, haikatai kwamba vina manufaa fulani kwa watu. Huyaweka manufaa hayo kwenye mizani pamoja na dhambi yake, na kuonyesha upande gani ni mzito.

Ikiwa elimu hii ni njema na mmea haukulaaniwa, dhambi itatoka wapi? Hapa ndipo namwomba msomaji asimame nami kidogo.

Tazama anachofanyiwa mmea ndani ya chumba kile. Huko porini una madume na majike. Upepo huchukua chavua, mbegu hufanyika, ndege hula, na shina hukomaza nyuzi zake. Chumbani mpandaji hutaka majike peke yake, na dume likitokea hung'olewa, kusudi jike lisishike mbegu; maana jike lisiloshika mbegu huzidisha utomvu wa kulevya. Kisha taa iliyokuwa ikiwaka kwa saa nyingi hupunguzwa, mmea ukapata saa 12 za giza kila siku, ili udhani kwamba majira yamegeuka na kuanza kutoa maua. Mbegu hakuna tena. Kamba haisokotwi kwa mashina matatu. Dawa ya watoto wenye kifafa haitengenezwi katika chumba cha kupanga. Kila faida niliyoitaja hapo juu imeondolewa kwa makusudi, mojamoja, ikabaki ile moja ya kulevya, nayo ndiyo iliyolengwa tangu mbegu ilipochaguliwa. Ndugu yetu anasema nia yake ni kujifunza tu. Nia imo moyoni, na Mungu ndiye aijuaye. Lakini kazi ya mikono yake nayo inashuhudia, na ushahidi wake hauafikiani na maneno yake.

Huenda mtu akasema: mhunzi hufua kisu, na kisu huweza kuua, je, mhunzi ni muuaji? Hapana. Kisu humenya viazi na kuchinja kuku, na mhunzi hakukinyima kazi hizo. Lau angekifua kwa namna ambayo hakifai kukata kitu chochote isipokuwa koo la mtu, tungemwuliza swali lile lile tunalomwuliza mpandaji.

Sasa tuje kwenye sheria, maana ndiyo ngao aliyoishika. Tangu tarehe 1 Aprili 2024 sheria ya Ujerumani humruhusu mtu mzima kupanda miche mitatu nyumbani kwake na kuweka humo gramu 50 zilizokauka. Lakini ndugu yetu aisome mpaka mwisho. Ruhusa hiyo imefungwa kwa sharti kwamba mavuno ni ya matumizi ya mpandaji mwenyewe, wala haruhusiwi kumpa mtu mwingine, hata bure. Sheria hii, basi, ilitungwa kwa ajili ya mvutaji, naye anasema havuti! Mavuno ya ndoo tatu yatakwenda wapi? Akiyavuta amevunja ahadi yake kwa Mungu. Akimpa jirani amevunja sheria ile ile anayojikinga nayo. Akiyaweka kabatini amejitegea mtego, na ufunguo wake anatembea nao mfukoni. Na mtu aliyeacha jambo kwa taabu aelewa vizuri nina maana gani. Akiyatupa, tutamwuliza miezi yote ile aliilea kwa ajili ya nini.

Tena serikali hiyo haikusema kwamba bangi ni kitu chema. Waliotunga sheria walieleza kuwa wanataka kuipunguza biashara ya magendo na kuwalinda vijana, na sheria yenyewe inakataza kuvuta mbele ya shule na viwanja vya michezo vya watoto. Serikali hupima madhara mawili, ikachagua lile inaloliona dogo. Hiyo ndiyo kazi yake, wala siilaumu hapa. Lakini ruhusa ya namna hiyo humwambia mtu jambo moja tu, kwamba polisi hatabisha hodi. Pombe nayo huuzwa kwa leseni Dar es Salaam na Nairobi, wala sijamsikia Mwislamu akijitetea kwa leseni ile. (Wasomaji wetu wa Tanzania na Kenya, ambako kupanda bangi ni kosa la jinai, hawana hata ngao hii ya karatasi.)

Mafundisho ya Uislamu katika jambo hili ni wazi. Kila kilevi kimo katika hukumu moja na mvinyo, kiwe cha kunywewa au cha kuvutwa, na kile kilevyacho kikiwa kingi hukatazwa hata kikiwa kidogo. Wala Mtukufu Mtume s.a.w. hakuiweka lawama juu ya mnywaji peke yake. Imepokewa kwamba katika jambo la mvinyo aliwataja watu kumi, wakiwamo mwenye kukamua na mwenye kukamuliwa, mwenye kubeba na mwenye kubebewa, mwenye kuuza na mwenye kula thamani yake. Wengi wanaoichunguza dini hushangaa hapa. Mbebaji amekosa nini, naye hakuonja hata tone? Nadhani jawabu limo katika hesabu yenyewe. Ubaya mkubwa aghalabu haufanywi na mtu mmoja. Hugawanywa vipande vidogo vidogo, kila mtu akashika kipande chepesi anachoweza kukiita si kitu: huyu alinyweshea tu, yule alibeba tu, na wa tatu alikodisha chumba tu. Mtume s.a.w. aliwakusanya wote kumi mahali pamoja, asipate hata mmoja wao pa kujificha nyuma ya neno "tu".

Na mzigo uliogawanywa hivyo si mwepesi. Katika bangi iliyokamatwa Marekani, kiini kilevyacho kilikuwa kama asilimia 4 mwaka 1995. Kufikia mwaka 2014 kilikuwa kama asilimia 12. Mmea haukujibadilisha wenyewe. Wapandaji stadi waliuchagua na kuulea hivyo, mbegu baada ya mbegu. Mwaka 1987 ulitangazwa uchunguzi wa vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini nchini Sweden, ambamo wale waliokuwa wametumia bangi zaidi ya mara 50 walionekana kupatwa na ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia takriban mara sita kuliko wasioitumia. Wataalamu wangali wanajadili ni kiasi gani cha tofauti hiyo kinatokana na bangi yenyewe, na ni haki kulisema hilo. Lakini mzazi aliyemwona mwanawe akizungumza na ukuta hatangoja majadiliano yaishe.

Ndugu yetu aliandika pia kwamba kazi yake haimgusi mtu. Nchini Uingereza, ambako kupanda bangi ni kosa, magenge hukodi nyumba za kawaida, huziba madirisha, na kuwafungia humo vijana, wengi wao kutoka Vietnam, wailee miche chini ya taa ili walipe deni la safari iliyowafikisha huko. Jambo hili limekuwa zito hata Bunge la nchi hiyo, katika sheria ya mwaka 2015 dhidi ya utumwa wa kisasa, likaweka kinga kwa aliyelazimishwa kutenda kosa akiwa katika utumwa wa namna hiyo. Najua ndugu yetu hakumfungia mtu yeyote. Ila ustadi anaoupenda ndio ule ule wanaolazimishwa vijana hao, na soko la kitu hicho ni moja.

Kuna na umeme. Watafiti wa Colorado walikadiria mwaka 2021 kwamba kukuza kilo moja ya maua makavu ya bangi ndani ya nyumba, nchini Marekani, husababisha hewa chafu sawa na kilo kati ya 2,283 na 5,184 za kaboni dioksidi, kulingana na mahali. Hayo ni mabohari makubwa, si ndoo tatu. Hata hivyo nilifadhaika kidogo kufikiri kwamba mwanadamu hulifungia jua nje kwa pazia jeusi, kisha akanunua jingine dukani, ili apate kitu cha kumwondolea akili aliyopewa bure.

Nilimwandikia hayo yote, na nikaongeza kwamba ndoo zile zile, pampu ile ile na mbolea ya namna ile ile hukuza letusi na mrehani, na letusi huwa tayari kwa chakula baada ya wiki chache. Ikiwa kwa kweli anachokipenda ni mizizi inayopumua ndani ya maji, mizizi ya letusi nayo hupumua. Na ikiwa letusi haimridhishi, basi ajiulize ni kitu gani hasa alichokuwa akikipenda.

Amenijibu. Miche miwili ameing'oa. Wa tatu umekwisha kuanza kutoa maua, na jirani yake, mzee wa Kijerumani mwenye maumivu ya mgongo na aliyemtendea wema tangu siku ya kwanza, amemwomba asiung'oe bali ampe yeye, uwe dawa. Anauliza kama hilo nalo limo katika wale kumi.

Nimemjibu kwamba asimdharau mzee huyo wala maumivu yake. Tangu Machi 2017 daktari wa Ujerumani aweza kumwandikia mgonjwa bangi ya tiba, naye akaipata katika duka la dawa kwa kipimo kinachojulikana, na daktari akimwangalia. Ndoo ya tatu haina kipimo wala daktari, na sheria inamkataza kuyatoa mavuno yake kwa mtu. Nilimshauri amsindikize mzee hospitalini siku yake ya mapumziko, amsaidie kupanda ngazi. Barua yake ya pili bado naingoja.