Usimvue Baba Kiotani

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Kutoka 22:25-27, Luka 5:1-11

Tumeingia Januari. Jua la kiangazi linawaka, shule zimefunguliwa, na kila mzazi hapa Woodley anajua mfuko wake unasemaje. Wiki hii Neno linatupeleka kwa uvuvi. Galilaya tutafika, lakini hebu tuanzie karibu na nyumbani, Ziwa Naivasha, kama kilomita 90 tu kutoka hapa.

Samaki anayelinda watoto

Katika ziwa lile kuna samaki anaitwa besi. Si mwenyeji wa pale. Aliletwa kutoka Marekani akaachiliwa majini mwaka 1929. Ni mwindaji. Hujificha kwenye majani ya maji, akiona samaki mdogo anapita, anafungua lile domo lake kubwa na kummeza.

Lakini mtazame wakati wa kuzaa. Dume ndiye anayetengeneza kiota. Anafagia chini kwa mkia wake mahali maji si ya kina, mpaka panakuwa kama sahani. Jike anakuja, anataga mayai, anaenda zake. Anayebaki ni baba. Anapepea mayai kwa mapezi yake, na yakianguliwa anaendelea kuwachunga vifaranga. Siku hizo chakula si shughuli yake. Chochote kikikaribia, anakirukia.

Sasa sikiza. Mvuvi akitaka samaki wa bure, hana haja ya ujuzi. Anatupa chambo pale pale kiotani. Baba ataing'ata ndoano. Ataing'ata hata kama hana njaa, kwa sababu anaona hatari imefika kwa watoto wake. Na akishatolewa majini, wale waliokuwa wakizunguka kwa mbali wanaingia na kula mayai. Mvuvi amepata samaki mmoja, ziwa limepoteza kizazi.

Naivasha wanajua maana ya ziwa kuishiwa. Mwaka 2001 uvuvi ulisimamishwa pale kwa sababu samaki walikuwa wamepungua mno. Wavuvi wakaweka nyavu chini ili maji yapate nafasi ya kuzaa tena.

Mungu aliliona hili kabla yetu

Katika Kumbukumbu la Torati 22, Musa anawaambia Israeli kwamba mtu akikuta kiota cha ndege, na mama amelalia mayai au makinda, asimchukue mama pamoja na watoto. Amwache mama aende. Na ahadi iliyofungwa hapo si ndogo: mambo yako yawe mema na siku zako ziwe nyingi. Ni ahadi ile ile iliyotolewa kwa anayeheshimu baba na mama.

Jiulize, mbona sheria ndogo ya ndege ipewe baraka kubwa hivyo? Ndege mwenye afya, ukimkaribia, anaruka. Huwezi kumgusa. Huyu umeweza kumfikia kwa sababu moja tu: amekataa kuwaacha watoto wake. Upendo wake ndio umemweka mkononi mwako. Na Mungu anasema, hapo, usichukue.

Hata mkopo una sheria hiyo. Kutoka 22 inasema ukichukua vazi la maskini kama dhamana, mrudishie kabla jua halijatua, maana ndilo blanketi lake. Kumbukumbu 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu hapo umechukua uhai wa mtu. Kwa lugha ya hapa Toi: usichukue cherehani ya fundi. Usichukue pikipiki ya kijana wa boda. Hiyo ndiyo inayomlisha, na ndiyo ingemlipa deni lako.

Ndoano za Januari

Wapendwa, Januari wazazi wengi wako kiotani. Karo, viatu, vitabu, nauli. Na hapo ndipo ndoano hutupwa. Mama ambaye Agosti hawezi kukopa hata mia tano, Januari anabonyeza simu saa tano usiku bila kusoma masharti. Si mjinga huyo. Anaona mtoto wake akirudishwa kutoka langoni.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu nayo ni ya Bwana. Umekopa shilingi 10,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Mwezi ukiisha huna 11,000, una 1,000 tu ya riba. Unalipa hiyo, deni linasogezwa mbele. Ukifanya hivyo miezi 12, umelipa shilingi 12,000. Unadaiwa ngapi? Bado 10,000. Mwaka mzima umelisha ndoano.

Wakenya walilia sana juu ya wakopeshaji wa simu, wengine wakiwapigia jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Ndiyo sababu sheria ya mwaka 2021 iliipa Benki Kuu ya Kenya mamlaka ya kuwapa leseni na kuwasimamia. Ni vizuri. Lakini sheria ya serikali haiwezi kuufikia moyo wako wewe unayekopesha jirani kwa siri kwa riba ya kunyonga.

Kwa hivyo naomba nikuulize wewe mwenye biashara: bei ya sweta za shule uliipandisha kwa sababu gharama imepanda, au kwa sababu mzazi hana pa kukimbilia? Wewe mwenye nyumba, wewe mwajiri unayejua dada wa kazi hawezi kuacha kazi mwezi huu kwa sababu ya watoto wake huko nyumbani, unamlipaje? Kufanya faida si dhambi. Mungu hakukataza kula ndege. Alikataza kumkamata mtu kwa kamba ya upendo wake.

Kanisa nalo lina wavu

Sasa tufike Galilaya. Luka 5, Petro amefanya kazi usiku kucha bila kitu, halafu kwa neno la Yesu nyavu zikajaa hadi zikaanza kukatika. Kisha Yesu anamwambia kuanzia sasa atavua watu. Neno la Kigiriki aliloandika Luka hapo lina maana ya kukamata kitu kikiwa hai. Samaki wa Petro walienda sokoni wakiwa wamekufa. Watu wa Yesu huvuliwa ili waishi.

Basi na sisi tulio mbele tujipime kwa neno hilo. Mama aliye na mtoto hospitalini yuko kiotani. Akija kuombewa, aombewe. Asiambiwe muujiza wake unangoja bahasha. Katika Marko 12 Yesu aliwakemea wanaokula nyumba za wajane huku wakiomba sala ndefu, na mistari inayofuata mara moja ni ya yule mjane na senti zake mbili. Soma zote pamoja. Na nasema wazi kwa kila msomaji wa karatasi hii: usikope kwa simu ili utoe sadaka. Mungu hadai riba yako.

Kama ndoano imeshaingia

Labda unasoma hii na simu yako umeizima kwa sababu ya wanaodai. Usichukue mkopo wa pili kulipa wa kwanza. Andika madeni yote kwenye karatasi moja, hata yale ya aibu. Nenda kwa unayedaiwa naye, mpe tarehe na kiasi unachoweza kweli. Nenda shuleni uongee kabla mtoto hajarudishwa. Na umwambie mtu mmoja wa ushirika wenu wa nyumbani, maana samaki aliyenaswa hawezi kujichomolea ndoano.

Na ninyi mtakaoambiwa, funga mdomo, fungua mkono.

Kumbuka Yohana 21. Petro alikuwa amemkana Bwana. Alikuwa na deni kubwa la aibu. Yesu angeweza kumbana pale ufuoni. Lakini Petro alipofika nchi kavu alikuta moto umewashwa, samaki yuko juu ya makaa, na mkate. Alilishwa kwanza. Maswali yalikuja baada ya kula. Huyo ndiye Bwana tunayemtumikia.

Tuombe: Baba, asante kwa kuwa wewe hukutuacha kiotani. Wape wazazi wetu riziki ya mwezi huu na utulivu wa kutong'ata kila kinachopita. Tupe sisi wenye uwezo mkono unaojua kuachilia. Wanaodaiwa uwape njia, na wanaodai uwape huruma. Katika jina la Yesu. Amina.

Ya kufanya wiki hii: Kama kuna mtu anakudai au unamdai na mmeacha kusalimiana, mpigie kabla ya Jumapili.