Haki ya Kuvuna kwa Jirani

Zamani, katika vijiji vya kisiwa cha Java, Indonesia, mavuno ya mpunga hayakuwa shughuli ya mwenye jaruba peke yake. Masuke yakishaiva habari zilienea, na kulipokucha wanawake walikuwa wamejaa tele kwenye matuta, wengine wa hapohapo, wengine wametembea kutoka kijiji cha pili. Kila mmoja alikuja na ani-ani yake, kisu kidogo chenye wembe uliopachikwa kwenye kijiti, kinachofichika kiganjani. Alikata suke mojamoja, akafunga matita, na kazi ilipokwisha akayapeleka kwa mwenye shamba agawiwe fungu lake. Fungu hilo huitwa bawon. Jirani na ndugu walipata kubwa kuliko mgeni, lakini aliyekuja kuvuna alivuna, na kumfukuza ilikuwa aibu.

Wazee walieleza kwamba kisu hufichwa ili Dewi Sri, mungu wa kike wa mpunga, asishtuke. Mabwana shamba nao husema kwamba mpunga wa zamani ulikuwa mrefu na haukuiva kwa pamoja, kwa hiyo ilikuwa busara kuchagua suke lililo tayari na kuliacha lililo bichi. Mimi naona jambo la tatu. Kisu kile kilikuwa cha polepole mno, na kwa hiyo kilihitaji mikono mingi. Kwa sababu hiyo mjane asiye na hata pembe ya jaruba alikuwa na siku kadhaa kila msimu ambazo hapakuwa na wa kumuuliza amefuata nini katika shamba la mwenzake.

Nakumbuka desturi hii kila nikisikia watu wakiuliza kijiji kidogo cha wakulima kina matumaini gani. Kwa kawaida swali hilo hujibiwa kwa magunia, na kwa magunia Java ilishinda. Mwaka 1966 taasisi ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino ilitoa mbegu ya IR8, ambayo mzazi wake mmoja ni Peta, mpunga wa Indonesia. Zikafuata mbegu nyingine za jamii hiyo, mbolea ya ruzuku na mifereji, na mwaka 1984 nchi ikatangaza kuwa inajitosheleza kwa mchele. Mwaka uliofuata Rais Suharto alialikwa Roma, kwenye Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kuueleza ulimwengu habari hizo. Siyabezi mafanikio hayo hata kidogo. Kisiwa kile kilijua njaa, na anayeijua njaa hahitaji kufundishwa thamani ya ghala lililojaa.

Ila mpunga mpya ulikuwa mfupi, uliiva kwa wakati mmoja, na punje zake zilipukutika upesi. Huo ni mpunga wa mundu. Wenye mashamba wakaanza kuuza mazao yakiwa bado yamesimama, na mnunuzi akaja na vibarua wake wachache, wakafyeka, wakapura na kuondoka. Miaka hiyohiyo ya 1970 mashine ndogo za kukoboa zikaingia vijijini, na wanawake waliokuwa wakilipwa kwa kutwanga wakabaki na vinu vyao. Mchele uliongezeka, na njia za asiye na shamba kuufikia zikapungua.

Mwanaanthropolojia Clifford Geertz, aliyeishi Pare, Java Mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1963 kwamba Wajava waligawana umaskini wao badala ya kuacha wachache watajirike na wengi wafe njaa. Watafiti waliofuata walimpinga, wakaonyesha kwamba matajiri wa vijijini walikuwepo na ardhi haikugawanywa sawa hata kidogo. Nakubaliana nao. Mahali pengine mwanamke alilazimika kupandikiza miche bila ujira ndipo apate nafasi ya kuvuna, na huo ni unyonyaji uliovikwa nguo za ujirani. Usawa ule haukuwepo, na sina sababu ya kuulilia.

Ninachokililia ni dai. Sadaka hutegemea moyo wa mtoaji, na asubuhi moyo ukibadilika, mpokeaji hana la kusema. Bawon, hata ilipokuwa ndogo, mwanamke aliifuata kwa miguu yake na kuikata kwa mkono wake. Nadhani sehemu kubwa ya kile tunachokiita maana ya kuishi mahali fulani ni kuwa na neno la kusema juu ya kinachozalishwa hapo. Anayelishwa tu, hata akila vizuri, ni mgeni katika kijiji alichozaliwa.

Mabinti na wajukuu wa wavunaji wale wako Hong Kong, Taiwan na Malaysia wakifanya kazi za ndani. Wengi walikwenda Saudia pia, kabla serikali yao haijazuia mwaka 2015 kupeleka watumishi wapya wa ndani katika nchi za Mashariki ya Kati, na huko walifagia katika miji ileile wanakofagia dada zetu wa Mombasa. Fedha wanazotuma zimejenga nyumba za vigae zinazokaliwa na bibi na wajukuu. Sensa ya kilimo ya 2023 ilihesabu zaidi ya kaya milioni 16 za wakulima wenye chini ya nusu hekta nchini Indonesia, idadi iliyopanda tangu sensa ya 2013. Baba mwenye kipande kama hicho akikiuza ili mwanawe asome na asirudi kulima, simlaumu. Amefanya hesabu yake vizuri kuliko washauri wengi.

Hata hivyo, siamini kwamba mlango umefungwa moja kwa moja. Sheria ya vijiji ya mwaka 2014 ilivipa vijiji vya Indonesia fedha za moja kwa moja kutoka serikali kuu na ruhusa ya kuanzisha biashara za kijiji. Sasa mashine kubwa za kuvuna zinaingia Java, na kila moja inachukua kazi ya watu wengi waliobaki na mundu. Mashine hiyo ikiwa ya mfanyabiashara, mapato yake yanaondoka naye. Ikiwa mali ya kijiji, wakaaji wanaweza kuandika katika kanuni zao kwamba kutoka kila jaruba linalovunwa, sehemu fulani ni ya kaya zisizo na ardhi, tena iwe haki yao na si msaada. Mkutano wa kijiji una uwezo wa kupitisha uamuzi wa namna hiyo. Ugumu ni kwamba mara nyingi wanaozungumza zaidi kwenye mikutano hiyo ni wanaume wenye mashamba, na wanawake waliokuwa wakivuna husikika mara chache.